Punguzo la Harufu

Bosi sikuwa namwuliza kitu. Nakiri leo.
Nilikuwa nikiinuka na karatasi, nikisema, "Ngoja nikuombee,"
naingia ofisi ya vioo, nafunga mlango,
na Verlyn ananiuliza kama jana nilitazama hoki.
Dakika saba. Ndizo alizonifundisha:
zikipungua, mteja hasadiki;
zikizidi, anakumbuka kuwa ana miguu.

Bi Ardis Tollefson alikuja Januari,
siku ambayo pale Minot mate yaliganda kabla hayajafika chini,
akiendesha pikapu ya marehemu mumewe, Fodi ya kijani,
mlango mmoja wa rangi nyingine.
Alitaka kigari cha kijivu, kile cha dirishani,
kimfikishe kanisani na kwa daktari wa macho.

Nilimwuliza swali letu la kwanza, lile tamu:
"Mama, kwa mwezi ungependa kulipa ngapi?"
Kahawa yetu hakuigusa. Alikuja na chupa yake.
"Mwezi sijauulizia. Nimeuliza bei."
Miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa mnada wa ng'ombe.
Alijua mtu anavyokuna sikio
pesa zikiwa bado zimo mfukoni.

Basi tukavutana.
Nikishuka mia, anageuza ukurasa wa gazeti.
Nikitaja ada ya makaratasi,
ananiuliza karatasi hizo ni za mti gani.
Mara tatu niliingia kwenye vioo,
mara tatu nikatoka na uso wa mtu aliyepigwa kwa ajili yake.
"Kaa chini, kijana. Utachoka bure."

Ikabaki pikapu. Elfu sita na mia mbili, nikasema,
tutoe bamba lililobonyea
("Kulungu huyo, mwaka wa mafuriko"),
tutoe kioo chenye ufa
("Mvua ya mawe"),
tutoe mia nne, harufu ya sigara.

"Orin hakuvuta."
Kwa sauti ile ile ya kusoma tarakimu.
"Aliacha mwaka tuliomzika dada yake. Mapafu.
Aliapa mbele yangu, jikoni."

Sikubishana. Kwenye kazi yetu ushahidi ni pesa.
Nikatoka naye hadi kwenye baridi, nikafungua ule mlango wa rangi nyingine,
nikavuta kidroo cha majivu chini ya redio.
Kilijaa. Vipisi vimelazwa kwa safu,
kila sigara imezimwa nusu,
kama mtu aliyekuwa akijipunja mwenyewe,
na juu yake pipi mbili za mnanaa, bado zimo karatasini.

Akanyamaza.

Mimi nikahesabu. Kimya ni silaha, Verlyn alisema,
atakayefungua mdomo kwanza ndiye atakayelipa.
Sekunde ya arobaini nikazirudisha zile mia nne.
Hakunitazama.
Nikaongeza mia tano. Nikafuta ada ya makaratasi.
Nikausikia mdomo wangu ukitoa matairi manne ya theluji, bure,
naye bado anaziangalia pipi,
pumzi yake inatoka nyeupe, inakatika, inatoka tena.
"Haya," akasema mwishowe,
wala si kwangu.

Verlyn hakunisemesha hadi jioni.
"Kikongwe kakunyoa bila maji."
Nikacheka naye. Nilijua nimekutana na fundi.

Kesho yake nikaiosha pikapu iwekwe mbele.
Nikapiga viti brashi, nikafuta usukani
pale alipozoea kuegemeza kidole gumba,
nikafika chini ya redio:
tundu la mraba, safi. Kidroo hakipo.
Fomu ina mstari wake, vitu vilivyopungua.
Kalamu ninayo, na vidole vimeniganda.
Nikaandika: hakuna.