Kifaa Hakipatikani

Nilikinunua Ipuli, kambi ya wajenzi wa reli ilipovunjwa,
kwenye lundo la viti vya plastiki na feni zisizo na mapanga:
kidude cha mviringo, cheusi, kama chapati iliyosahauliwa jikoni.
"Kinafagia chenyewe," alisema muuzaji.
Akahesabu elfu arobaini mara mbili. Hakusema zaidi.

Nyumbani, Isevya, kikawasha taa, kikatamka Kichina.
Shangazi Kalunde alikuwa akichambua choroko.
"Wangaluka," akakiitikia,
maana mgeni akikusemesha unamjibu kwanza,
maana ya maneno mtaitafuta baadaye.

Programu kwenye simu yangu ikauliza: waifai ya nyumbani ni ipi?
Waifai. Ya nyumbani.
Nikatazama ukutani: kalenda ya chama cha msingi cha tumbaku,
saa iliyosimama tangu masika.
Mtandao wa nyumba hii huingia kwa vocha,
hutoka saa sita usiku bila kuaga.

Nikajifunza kwamba simu moja haiwezi
kuwa mlango na mpita mlangoni.
Nikaazima ya Shangazi, yenye ufa kama njia ya mchwa,
nikaifanya mnara.
Jina la mtandao: kalunde, herufi ndogo zote.
Neno la siri: mwaka wa kuzaliwa, mara mbili.
"Andika hamsini na nane," akasema. "Cheti kinasema sitini.
Cheti hakikuwepo."

Kidude hakikuuona.
Mara ya tatu. Mara ya sita, bando likipungua
kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.
Kumbe kinasikia masafa ya chini tu, yale ya zamani,
yanayopenya tofali za kuchoma taratibu;
yale ya kasi yanakipita juu ya kichwa.
Nikashusha masafa.
Ti-tii.
Kikaondoka.

Kilivyokwenda! Kikaingia chini ya kabati,
kikatoka na kishikizo cha sare, sarafu ya shilingi tano,
manyoya ya kuku wa Krismasi ipi, sijui.
Na kwenye kioo changu nyumba ikajichora,
mistari ya kijani juu ya giza, chumba baada ya chumba.
Sikujua sebule yetu imepinda.
Sikujua chumba cha marehemu Mjomba Sizya
ni kikubwa kuliko changu.

Kisha Shangazi akachukua simu yake akaenda kikoba.
Kidude hakikusimama. Kilichokatika ni mkono wangu.
Mtandao uitwao kalunde ulikuwa unashuka barabarani ndani ya mkoba,
pamoja na daftari la hisa na leso,
na mimi nabonyeza: simama, simama.
Kioo kikajibu: kifaa hakipatikani.
Kifaa kile pale, mbele ya macho yangu,
kinapanda mkeka wa choroko!

Jioni nikamsimulia. Hakucheka.
Akavua ndala, akakigusa mgongoni kwa kidole gumba cha mguu.
Kikaamka. Akakigusa tena. Kikalala.
"Kina kitufe," akasema,
akaenda kuziokota choroko tumboni mwake.

Basi siku hizi hukiamsha kwa mguu, alfajiri, akichemsha chai,
na uani bado anafagia mwenyewe kwa chelewa,
maana uani, anasema, pana mambo ya kuona.
Mnara wake hauzimi; mimi ndiye ninunuaye bando.

Saa nne, shuleni Cheyo, watoto wakiwa mapumziko,
nafungua programu chini ya meza ya walimu.
Sikiamuru chochote. Sina cha kufagia.
Natazama tu kile kidoti karibu na jina lake.
Kikiwa cha kijivu, najua ni kikoba, au sokoni,
au chaji imeisha, na nasahihisha madaftari vibaya
mpaka kengele.
Kikiwa cha kijani:
kifaa kinapatikana.