Bati Moja

Karani wa Bungoma aliandika "Kijiji",
akaweka nukta mbili, akaniangalia.
Bati Moja, nikasema.
Neno moja au mawili?
Akapekua kompyuta yake, akatikisa kichwa:
Hamumo humu. Tafuta pengine pa kuzaliwa.

Basi nilizaliwa hivi, bwana karani.

Ndiwa Cheprot alishuka Kimilili na mbuzi watatu,
akapanda na bati.
Si mabati. Bati.
Fedha zilitosha hilo tu, na chumvi ya ng'ombe.
Alilibeba kichwani, mvua ikamkuta njiani,
mlima mzima ukamsikia akija:
watoto wakadhani ngoma za tohara zimewahi,
kina mama wakakimbilia kuanua mahindi.

Bati moja haliezeki nyumba.
Mkewe, Chepkwemoi, alilipima kwa macho,
akalipima tena kwa mikono,
akacheka mpaka akakaa chini.
Wakalichomeka katikati ya nyasi,
juu ya kitanda cha mama yake Ndiwa,
ambaye kifua chake hakikupatana na matone.
Kila jua lilipochomoza, sokoni kule bondeni
watu waliona kitu kinawakonyeza kutoka mlimani.
Unatoka wapi?
Pale penye bati moja.

Ni hivyo tu. Hakuna vita, hakuna shujaa,
hakuna Mzungu aliyesikia vibaya.

Mama mzee alipofariki, bati likaenda shule.
Walilipaka makaa ya betri kuukuu na majani ya viazi,
likawa ubao.
Mwalimu Wekhuyi aliandika juu ya mawimbi yake,
a ikipanda, e ikishuka,
ndiyo maana wazee wetu hadi leo
mwandiko wao una milima.

Halafu ukaja mwaka ambao sikusimulii.
Tulilala kwenye mianzi, juu, penye baridi.
Tuliporudi bati lilikuwa na matundu saba,
na Psongoywo mdogo hakuwa nasi.
Tuliyahesabu matundu, tukayahesabu tena,
maana hayo yalihesabika.

Siku hizi kila nyumba ina mabati, mengine ya rangi,
mvua ikianza hatusikilizani hata kwa kupayuka.
Wageni huuliza, mbona moja?
Vijana wa bodaboda wamelikata: BM.
Lenyewe ni mlango wa banda la kuku la shangazi.
Asubuhi mwanga hupenya pale saba,
mayai yakapata madoa.

Lakini Chepkwemoi, bibi yangu, aliyecheka siku ile,
hakulitamka jina hilo hata mara moja.
Alikuwa na jingine la mahali hapa,
la kijito, kabla hakijatiwa kwenye bomba.
Alilisema akikamua tu, kwa sauti ya chini,
na ng'ombe akaachia maziwa.
Nililisikia mara mbili.
Nilimwuliza mara moja.
"Hilo halitumwi dukani," akasema,
akanipa kibuyu nikakisuuze.

Kwa hiyo andika maneno mawili, bwana karani,
na uache nafasi katikati, iwe pana.

Akatazama foleni nyuma yangu.
Akabofya "Mengineyo".