Madoa ya Msimu

Mimi ndiye ninayefua.
Chini ya jukwaa la mashariki, mlango wa bluu usio na kibao,
mashine nne, na ya tatu ina kichaa chake:
ikifika kwenye kukamua hutembea sakafuni
mpaka niikalie.
Miaka kumi na tisa Chuo cha Tollefson kimeshinda na kushindwa,
kushindwa zaidi,
nami yote nimeyajua kwa pua.

Agosti ilinuka jasho na nyasi mbichi.
Vijana tisini, wengine bado wana chunusi.
Kocha Stensrud hakuahidi kitu.
Alisema tu, "Verna, mwaka huu agiza sabuni zaidi."

Mchezo wa kwanza tulichapwa thelathini na moja kwa sita,
na nguo zikarudi safi.
Nguo safi ni aibu katika kazi hii.
Maana yake hakuna aliyeanguka kwa ajili ya mwenzake.

Kisha madoa yakaanza kuja.
Wiki ya tatu, matope hadi kwenye kola.
Wiki ya nne, damu ya pua ya Ansel Thorvik
kwenye jezi tano zisizo zake;
nikajua walikumbatiana.
Wiki ya sita, chokaa ya mstari wa mwisho
kifuani kwa Lemalu, mtoto wa Kisamoa
aliyekuwa akiijua theluji kwenye televisheni tu.
Alikokota watu watatu na mpira yadi nne nzima.
Chokaa ile sikuiharakisha kutoka.

Mji nao ukaanza kuniona.
Gunnar muuza dizeli, ambaye tangu ujana wetu
hunisalimu kwa kidole kimoja juu ya usukani,
akanyanyua viwili.

Oktoba, Wade Ostby alivunjika mtulinga.
Wakaikata jezi yake kwa mkasi, shingoni hadi kiunoni,
ikaletwa kwangu ndani ya mfuko wa taka,
namba arobaini na moja,
nne huku, moja kule.
Hakuna aliyeniambia niifue.
Niliifua kwa mkono, kwa maji baridi,
nikaishona kwa uzi mweusi
kwa kuwa mweupe ulikuwa umekwisha.

Fainali ilichezwa hapahapa, Desemba,
baridi nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Sikuiona. Sijawahi kuona hata mchezo mmoja.
Nilikuwa chini, nikikunja taulo,
na watu elfu sita wakikanyaga dari yangu,
vumbi la kutu likinidondokea kwenye nywele.
Redio ilisema kumi na saba kwa kumi na tisa,
sekunde nne, yadi arobaini na mbili,
anaingia mpiga teke, Eino Lahti.

Eino! Mtoto asiyejua sabuni yangu.
Msimu mzima jezi yake ilirudi kama ilivyokwenda,
nikiifua kwa heshima tu.

Hapo mashine ya tatu ikaanza safari.
Ikang'oa waya wa redio. Nikaikalia.
Juu, miguu elfu kumi na mbili ikanyamaza.
Nimezika mume na dada, lakini kimya kama kile sikijui:
kilikuwa na uzito, kilikuwa na meno.
Nikatetemeka pamoja na mashine, nikahesabu nguo zilizomo.
Nilifika ya saba.

Kisha dari ikashuka.

Jumatatu mkuu wa chuo akatuma barua:
jezi moja isifuliwe, iwekwe kwenye kabati la kioo.
Wote walidhani ningetoa ya Lemalu.
Nilitoa ya Eino. Theluji, matope, mate,
rangi nyeusi ya mashavu ya watu, na begani
alama ya kiganja kizima,
kwa kuwa timu yote ilimlalia.

Ya Wade haikurudi.
Nasikia aliivaa pembeni mwa uwanja, mkono mmoja tu ndani,
uzi wangu mweusi ukionekana kwenye picha zote.

Zimebaki themanini na nane.
Naanza na soksi.