Fyuzi Namba Kumi na Saba

Gocha, muuza magari wa Rustavi,
uliniapia kwa kaburi la mama yako
(baadaye nilimkuta mama yako dukani, ananunua chumvi)
kwamba gari hili lilikuwa la mwalimu wa piano,
Mmarekani, mwoga wa barabara mbovu,
aliyelitoa Jumapili tu.
Kibaya kilijitembeza, Gocha,
nami nikakifungulia mlango, nikakalia kiti cha ngozi,
nikaenda nacho hadi Kutaisi
kikinguruma kama paka aliyeshiba.

Siku ya nne niligeuza ufunguo.
Likanisonya.
Nikanunua betri mpya, lari mia tatu.
Kesho yake alfajiri, nimevaa sare ya uuguzi,
koti juu, theluji mpaka kwenye vifundo,
likanisonya tena.

Nikikanyaga breki, dirisha la nyuma kushoto hushuka.
Nikiwasha indiketa ya kulia, wipa hupiga mara moja,
kama mtu aliyekumbuka neno, kisha akaghairi.
Taa ya injini inawaka tangu Krismasi,
nimeizoea kama jirani mlevi.
Kwenye mazishi ya Shalva honi ililia yenyewe
dakika sita nzima. Padri akanyamaza.
Mjane akacheka, mara ya kwanza wiki ile.
Hilo sikudai.

Ila ile kona ya Gelati, usiku, nikitoka zamu,
taa za mbele zilipozimika zote mbili
na mlima ukabaki na mimi,
hiyo nakudai.

Nikalipeleka kwa Otari.
Sikio lake moja limekufa,
kwa hiyo huliinamishia waya lile lililo hai.
Akazima kila kitu, akafunga milango,
akaunganisha mita, akawasha sigara, akangoja.
"Limelala," akasema, "lakini bado linakula."
Akachomoa fyuzi moja, akatazama namba, akairudisha,
akachomoa nyingine,
kama mwenye nyumba anayepita chumba kwa chumba
akimsikiliza mwizi.
Ya kumi na saba, namba zikaanguka.

Hakufurahi. Akang'oa kiti, akainua zulia.
Chini yake tope kavu, laini kama unga wa kakao,
si la Rioni, si la mto wowote wa kwetu.
Bolti ya waya wa ethi imeota kutu ya kijani,
viungo vya nyaya vimevimba kama vidole vya baridi yabisi.
Akauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake,
pale ambapo hakuna mtu huuvuta,
akanionyesha mstari, rangi ya chai.
"Maji yalifika hapa."
Kifuani pangu, nilipoupima.

Mficha maradhi, Gocha, malizia mwenyewe.

Nilikuwa nimeshapanga matusi, kwa mpangilio,
lakini kwenye tope kulikuwa na kibanio cha nywele,
cha njano, cha mtoto, jino moja limevunjika.
Otari alikifuta kwa suruali yake
akakiweka juu ya dashibodi bila kusema,
kisha akapiga msasa ile bolti
mpaka chuma kikaonekana.

Sasa dirisha limetulia. Honi inangoja kuambiwa.
Wipa bado hughairi.
Ya kumi na saba imemshinda:
waya wake unaingia mahali fulani ndani ya paa
na Otari anasema kupasua paa ni bei ya gari jingine.
Basi kila usiku, nikiegesha, naichomoa,
naitia mfuko wa sare, pamoja na kalamu na kipimajoto,
na asubuhi nairudisha kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Juzi mgonjwa wa kitanda cha tatu aliiona ikidondoka.
Akauliza kama ni dawa.
Nikamwambia ndiyo, lakini si yake.