Mwanga wa Chini ya Mlango

Saa nane mchana, Kajaani, jua limeshafunga duka.
Dirishani imebaki buluu ya theluji,
buluu ya maziwa yaliyotiwa maji.
Naitundikia blanketi kwa vibanio vya nguo.
Buluu ya nje na manjano ya taa
hazikai uso mmoja kwa amani:
shavu hili la maiti, shavu lile la mgonjwa wa ini.

Mama anaketi na sweta lake la krimu.
Namwambia kwa mikono: badilisha, vidole vitazama humo.
Anarudi na shati la marehemu baba, kijani iliyokolea,
kifungo kimoja hakipo.

Kamera ni mtumba, ya mpiga picha wa harusi
aliyechoshwa na harusi.
Nafungua lenzi yote, moja nukta nane;
mwanga unaingia kama ng'ombe wanaorudi zizini.
Uso uko wazi. Lakini mama husema kwa kuja mbele,
kitenzi hutoka kifuani kikielekea kwangu
na katikati ya njia kinageuka ukungu.
Basi nabana tundu, tano nukta sita.
Sasa kitenzi kinafika. Chumba ndicho kimekufa.

Kasi ya hamsini: kila kidole kina mkia,
sijui ameomba chumvi au ameniita mwongo.
Mia, basi. Si mia na ishirini,
umeme wa nchi hii hupepesa kwa hesabu yake,
ukiikosea, mistari ya giza inapanda ukutani
kama mtu asiye na mwili akipanda ngazi.
Mia imekula nusu ya mwanga. Nani atalipa?
Napandisha aiso, chembe zinamwota shingoni kama ukurutu.
Naishusha.

Naleta taa ya kusomea, taa ya cherehani,
taa kali ya banda niliyotumia kutengeneza skii,
naigeuzia darini irudi imepoa,
shuka jeupe kushoto lijaze chini ya kidevu.
Otomatiki nimeizima: kila akiinua kiganja
ilidhani kumekucha.

Tayari, nasema.

Hilkka Kemppainen, miaka sabini na minane, anaanza:
Shuleni mchana walitukalisha juu ya viganja vyetu.
Tulitakiwa tuseme kwa midomo, sauti ambazo hatukuzisikia.
Saa mbili usiku matroni alizima taa ya bweni.
Mwenye swichi ndiye aliyekuwa na ndimi zetu zote, kumi na wanne.

Anasita. Anakunja uso, taa zinamchoma.
Huku ni kung'aa mno, anasema. Hivi sivyo ilivyokuwa.
Zima.

Mama, sitaona kitu.
Zima. Acha ya ukumbini, funga mlango.

Nazima ya banda. Ya cherehani. Ya kusomea.
Chini ya mlango unabaki mstari, mwembamba kama uzi wa kushonea.
Anashuka sakafuni, magoti yakilia kilio nisikiacho peke yangu,
anaishusha mikono hadi ule mstari.
Nalala kifudifudi na kamera.
Lenzi wazi yote. Hamsini. Aiso juu kabisa,
kitu ambacho ningemcheka mwingine akikifanya.

Theluji ya chembe inaanguka ndani ya picha,
na ndani ya theluji vidole kumi, kingo tu, dhahabu chafu,
vinasema majina ya wasichana waliolala hapo,
mmoja mmoja, majina ambayo hakuna kitabu kilichoyaandika.
Kumi na mawili nayapata.

La mwisho, anasema, la Oili,
yeye kitanda chake kilikuwa mbali na mlango.
Halina umbo la hewani.

Lete mkono.

Naiweka kamera sakafuni, bado inanasa,
taa yake ndogo nyekundu ikitazama uvungu wa kochi.
Ananifungua kiganja, anaandika.

Dakika nne za weusi. Nimezikagua mara nyingi.
Sijazikata.