Vigae vya Bluu

Kazi yangu ni kuokoa wanaozama.
Nina filimbi, nina cheti, nina fimbo ndefu ya chuma.
Bwawa letu halina paa. Maji yake hutoka ardhini yakiwa moto,
na theluji ya Akureyri huangukia vichwa vya waogeleaji
bila kuwaomba radhi.

Januari, saa kumi jioni, giza limeshaingia.
Sölvi akaja mbio, miguu mitupu:
"Tindur anakufa! Chumba cha kuvalia!"

Nilimkuta chini, mgongo ukutani,
umri miaka kumi na minne, nywele kavu.
Maji alikuwa hajayagusa hata kwa kidole.

"Moyo," alisema. "Moyo unataka kutoka."
Vidole vimekufa ganzi, midomo imepauka,
anavuta pumzi juu ya pumzi
kama mtu anayeshindilia gunia lililokwisha kujaa.

Nikauliza niliyofundishwa kuuliza: pumu? dawa? umeanguka?
Hapana, hapana, hapana.
Ndipo nikaitambua.
Ilinishika mimi mwaka juzi, dukani, mbele ya friji,
makopo mawili ya mtindi mkononi.
Niliacha kikapu pale pale, nikakimbilia barafuni,
na kwa miezi minne mtindi wangu akawa ananinunulia mama.

Sikumwambia "tulia."
Nani aliwahi kutulia kwa kuamrishwa?
Nilikaa kando yake, sakafu chepechepe, suruali ikalowa.
Nikasema: Hufi. Hii ni hofu.
Mwili wako umesikia dubu, umekupa miguu ya kukimbia,
na wewe umekaa. Ndiyo maana unatetemeka.
Dubu hayupo.
"Na kama yupo?"
Sikuwa na jibu.
Tukachungulia nyuma ya makabati, mimi na Sölvi.
Soksi moja. Chupa ya shampuu.

Basi toa pumzi, nikamwambia. Kuvuta kutakuja kwenyewe,
wewe toa, taratibu,
kama unapoza supu ya mtu mwingine.
Akatoa. Ikakatika katikati. Akatoa tena.
Nihesabie vigae vya bluu.
"Kumi na moja," akasema, baada ya muda mrefu,
"na kimoja kimepasuka."
Miaka miwili napiga deki hapo,
ufa ule sikuwahi kuuona.

Nisikudanganye: ilipanda kwanza.
Ilipanda, akanikamata mkono, kucha zikaacha alama.
Nilitamani sana filimbi yangu iwe na kazi.
Tukakaa.
Saa ya ukutani ilisogea dakika tisa,
kisha hofu ikaanza kushuka,
wala si kwamba tuliishinda,
ilichoka tu, kama kila kinachokimbia.

Akapiga miayo. Akaona haya.
"Usimwambie kocha."
"Kocha tutaona. Mama yako?"
Akawaza. "Mama nitamwambia mwenyewe."
"Na nesi wa shule."
"Mh," akasema. Nikaichukua kama ndiyo.

Jumanne iliyofuata alifika mpaka mlangoni,
akasimama na begi lake, akarudi nyumbani.
Nilimpungia mkono kama mtu aliyemaliza mazoezi.
Ijumaa aliketi kwenye benchi, viatu miguuni.
Wiki nyingine, maji mpaka magotini,
na mdomo wake, niliuona kutoka kitini kwangu,
unapoza supu.

Sijui kama ilimrudia. Pengine.
Mimi ilinirudia, Machi,
duka lile lile, friji ile ile.
Nilishika mpini wa baridi, nikatafuta cha kuhesabu:
vifuniko vyekundu, vifuniko vya kijani,
kimoja kimebonyea.
Nikabaki pale mpaka ikanipita.

Kaunta mkono ulikuwa bado unatetemeka.
Kadi ikaanguka.
Binti wa kaunta akaiokota, akanitazama kidogo,
akanirudishia bila kuuliza.
Nikabeba mtindi wangu.