Upande wa Ng'ombe

Tumelipa pauni kumi na nane kila mmoja
kuingia mahali ambapo baba aliingia bure
miaka ishirini na sita, saa kumi na moja alfajiri,
kwa lango la nyuma, na ndoo.

Msichana wa tiketi akambandika jani la karatasi kifuani.
"Karibu Aldercote. Umewahi kufika?"
Baba akatazama viatu vyake, alivyovipiga rangi jana usiku.
"Kidogo," akajibu.

Mvua ya Agosti, ile ya kwetu Shropshire,
isiyonyesha wala isiyokoma,
imewasukuma watu wote ndani.
Watoto wanatafuta panya wa sufu, mmoja kila chumba;
atakayewapata wote kumi atazawadiwa penseli.
Juu ya viti vya hariri wameweka mbaruti mkavu,
maana yake: usikae.
Ndiyo adabu yetu Waingereza,
kumkataza mtu kwa ua.

Kwenye sebule ya manjano, Bi Lavinia Croxton,
mwalimu mstaafu, beji imekaa upande,
anatuita dirishani.
"Tazameni majani. Toka hapa hadi kilimani
hamwoni uzio, sivyo? Lakini upo.
Walichimba handaki, wakazamisha ukuta ndani yake,
ili ng'ombe wawepo kwenye mandhari
wasiwepo kwenye mawaridi."

Watu wakaguna kwa kupendezwa. Werevu ulioje!
Mwanamume mmoja akapiga picha ya ukuta usioonekana.

Baba akasema, polepole,
kama mtu anayesahihisha chenji dukani:
"Kwa upande wetu ulionekana vizuri tu.
Futi saba.
Uliporomoka mwaka wa theluji kubwa, tukaujenga mimi na Perce Gittins,
mikono ikivuja damu, na tukaambiwa
tufanye kazi tukiwa tumeinama,
kulikuwa na wageni."

Kimya.
Bi Lavinia akafungua daftari lake, akalifunga.
"Percy nani?" akauliza. Akaandika.

Juu ya piano kuna picha ya karamu ya mwaka sitini na nne:
kofia, glasi, mbwa mwembamba aliyechoshwa na watu.
Nyuma kabisa, chini ya mwaloni, ng'ombe,
na pembeni yao nukta, ndogo kama punje ya mchele.
Niliitazama hadi pumzi yangu ikafunga ukungu kwenye kioo.
Nukta imebeba ndoo.
Sikumwambia. Nadhani alishaiona.

Mkahawa wameuweka kwenye zizi la kukamulia.
Skonzi, jamu, krimu, na mabishano yaleyale
ni kipi kianze kupakwa.
Baba alikataa meza ya dirishani, akahesabu hatua
tangu mlangoni, midomo ikicheza,
akaketi meza namba kumi na moja.
"Hapa alikuwa Buttercup," akasema. "Alipiga teke kila mtu
isipokuwa mama yako."
Akapapasa ukuta kwa nyuma, bila kugeuka,
na pete ya chuma ilikuwepo,
imepakwa chokaa, imetundikwa kikapu cha lavenda.

Alikula skonzi mbili. Sijamwona akila mbili
tangu tumzike mama.

Tulipokuwa tukitoka mvua ilikata.
Watu walitawanyika bustanini na simu zao,
wakipiga picha majani, kilima, ng'ombe wekundu
waliopangwa vizuri kana kwamba wamelipwa.
Baba alisimama ukingoni mwa handaki,
mikono mgongoni, muda mrefu.
Nikadhani analia. Nikajiandaa.

Kumbe alikuwa anahesabu miguu.

Langoni kuna kisanduku na vikaratasi:
*Umefurahia nini zaidi leo?*
Akaomba kalamu. Akaandika kwa herufi kubwa,
ulimi nje kidogo, kama mtoto:

NG'OMBE WA TATU KUTOKA MWALONI.
MGUU WA NYUMA, KUSHOTO.
MSINGOJE JUMATATU.